Asali ya Mama Vitambaa

Watu wa Kelsby wakimtaja Aldith walishika pua kwanza, kisha ndipo wakataja jina. Si kwamba alikuwa mchafu, la. Mwanamke yule alijisugua kwa majivu na maji ya mto mpaka ngozi ikawa nyekundu. Lakini kazi ni kazi, na yake ilikuwa ya uvundo. Alifua vitambaa vya kanisa: vya madhabahuni siku za kawaida, na vya chuma siku za hukumu. Ndiyo maana wakamwita Mama Vitambaa, ingawa hakuwahi kuzaa, na mume aliyemwoa alikufa kwa homa hata kabla hawajazoeana.

Hivyo vya chuma ndivyo vilivyomharibia maisha, basi tuanze navyo.

Siku zile mtu akishitakiwa jambo zito na hakuna aliyeona, kazi ya kuujua ukweli aliachiwa Mungu. Mkulima wa bwana, asiye na uhuru wake, alifungwa kamba akatumbukizwa bwawani. Akizama ni mwema, akielea ni mwovu. Mtu huru na mwanamke walibebeshwa chuma. Padri alikibariki, kikatiwa motoni mpaka kikawa chekundu, halafu yule mtu akakitwaa kwa mkono mtupu na kutembea nacho hatua tisa ndani ya kanisa, umati ukimkodolea macho. Nyama ya mtu ikiungua hunuka kama ya nguruwe tu. Neno hilo hatukupenda lisemwe Kelsby, maana wapo waliotoka mle kanisani na njaa.

Hapo Aldith alikuja na kitani chake, akaufunga mkono, padri akadondosha nta juu ya fundo na kugonga muhuri. Siku tatu. Siku ya tatu Aldith alikata kitambaa mbele ya watu. Kidonda kikiwa kikavu, Mungu amemtakasa mtu wake. Kikiwa na usaha, basi, mti wa kunyongea uko kilimani na kamba haikosi.

Hebu fikirini wenyewe. Roho ya mtu kupimwa kwa usaha! Watu wazima, wenye ndevu zao, wanasukumana wachungulie kidonda. Huyu anasema, "Kimeiva hicho," yule anasema, "Aa wapi, ni kimajimaji tu," utadhani wanachagua jibini. Na padri wetu, Osbert, macho yalikuwa yamekwisha kwa uzee, kwa hiyo alikuwa akiinama ananusa. Ndiyo, ananusa! Pua ya mzee mmoja ndiyo iliyokuwa sheria ya Kelsby. Kefule!

Aldith alikuwa na siri. Mama yake alikuwa mtabibu wa walioungua, na alipokufa hakumwachia binti yake kitu ila dawa moja: asali. Kidonda cha moto ukikipaka asali mapema, kikafungwa vizuri, hakivundi. Hivyo Aldith aliipaka upande wa ndani wa kitambaa, kidogo kidogo, usiku wa kuamkia hukumu. Padri alikuwa akikinyunyizia maji ya baraka, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kukiona chepechepe.

Hakumpakia kila mtu. Hapo ndipo ubaya wa mambo ulipo.

Alimpakia Ketel. Huyu Ketel alikuwa mtu huru, mwenye mashamba mazuri kando ya mto na sauti ya kuamrisha. Alishitakiwa kumpasua kichwa ndugu yake wa baba mmoja, Thurkil, kwa beleshi, kisa mpaka wa shamba. Hakuna aliyeona. Mjane wa Thurkil akalia barazani, na Ketel akaambiwa abebe chuma. Siku moja kabla, mkewe Gunnora, mwenye mimba ya miezi minane, alimfuata Aldith mtoni, kaficha kitu chini ya shuka.

"Mama Vitambaa, nifulie hili. Sasa hivi."

Aldith akalifunua. Lilikuwa shati la mwanamume, mikono yote miwili imekakamaa kwa damu iliyokauka, hadi viwikoni.

"Gunnora wewe! Hili si..."

"Usiniulize, mwenzangu. Nakusihi. Wakimnyonga, mimi na hiki kilichomo tumboni tutakula nini, nyasi?"

Aldith alilitazama lile tumbo, akalitazama lile shati. Akafua. Na alipofika nyumbani akafungua chungu cha asali.

Siku ya tatu Padri Osbert alikinusa kiganja cha Ketel upande huu, akakinusa upande ule, kisha akainua kichwa, machozi yakimlengalenga. "Hakinuki," alisema. "Hata kidogo! Bwana asifiwe!" Watu wakaimba. Mjane wa Thurkil akapigwa faini kwa kumsingizia mtu mwema.

Tangu siku hiyo hatukupumua. Kila sherehe Ketel alikunjua kiganja. Ukibishana naye juu ya ndama, anakukunjulia kiganja. "Huu ni mkono ulioulizwa na Mungu mwenyewe," anasema, na lile kovu jeupe linang'aa mafuta ya nyama. Watu walimwita awe shahidi wa ndoa, awe mpimaji wa mipaka, awe wa kwanza kunena barazani. Mipaka! Yeye! Aldith alisikia hayo yote huku ameinama juu ya beseni, na hakuwa na wa kumwambia.

Ambaye hakumpakia alikuwa Wulfrun.

Wulfrun alikuwa mtumishi wa jikoni kwa bwana wa Kelsby, mwanamke mchangamfu, mdomo wake hauna kifuniko, mke wa Wistan ambaye wakati huo alikuwa seremala. Asubuhi moja kisimani alimsukuma Aldith kando kwa kiwiko. "Ngoja tuteke sisi kwanza, Mama Vitambaa. Mikono hiyo ina usaha wa watu, utatuvundishia maji." Wanawake wakacheka mpaka wengine wakaweka ndoo chini. Aldith alirudi nyuma. Alingoja, akateka wa mwisho, akaenda zake.

Haukupita mwezi, kikombe cha fedha cha bwana kikapotea, na Wulfrun ndiye aliyekuwa ameondoa vyombo mezani. Chuma. Usiku ule Aldith aliketi na kitani mapajani, chungu cha asali kiko rafuni, mkono unakifikia bila yeye kunyanyuka. Akajisemea moyoni: kama hana hatia, Mungu si yupo? Akakiacha palepale. Mtu anayesema maneno kama hayo anajua vizuri sana anachofanya, na Aldith alijua.

Siku ya tatu padri hakuhitaji kuinama. Kabla kitambaa hakijaisha kufunguliwa, watu wa mlangoni walikuwa wameshaziba pua. Wulfrun alikitazama kiganja chake mwenyewe kilivyokuwa kijani, akamtazama Aldith, akauliza kwa sauti ndogo, "Umekifunga vizuri kweli?" Wakampeleka kilimani. Wistan alishikwa na watu wanne.

Vuli ilipofika, samadi ya banda la nguruwe ikatolewa kupelekwa mashambani, na kikombe kikatoka ndani yake. Kumbe kilitupwa pamoja na makombo! Nguruwe walikuwa wamekilalia miezi yote ile. Bwana akafurahi, akaagiza kisuguliwe, jioni akinywee. Na aliyepewa akisugue ni nani? Mama Vitambaa. Alikisugua kwa mchanga, kinyesi cha nguruwe kikimwingia kwenye kucha, na hakuna kitu alichopata kukifua kikamkinaisha kama kile kikombe. Wistan aliacha useremala, akahamia msituni, akawa mchoma makaa, akawa anaonekana siku za soko tu, mweusi tii, gunia mgongoni.

Baada ya hapo Aldith alimpakia kila mtu, mwizi na asiye mwizi. Kelsby ikasifika jimbo zima kwa watu wema.

Basi ikaja habari kutoka Roma. Padri Osbert alimwita Aldith baada ya misa.

"Aldith, vitambaa vyako vikapumzike. Baba Mtakatifu na maaskofu wamekataza. Padri haruhusiwi tena kubariki chuma wala maji."

"Kwani vipi, Padri? Mungu amechoka kunuswa?"

"Shika ulimi wako, mwanamke. Wanasema tusimjaribu Mungu."

"Na miaka yote hii tulikuwa tunamfanya nini?"

Padri alikohoa kikohozi kirefu kisichokuwa na makohozi.

"Sasa nani atahukumu?" Aldith akauliza.

"Majirani. Mahakimu wa mfalme wana barua yao. Watu kumi na wawili wa hapa hapa wataapa kusema wanachokijua kuhusu mshitakiwa. Wakisema ana hatia, anayo. Wakisema hana, hana."

Aldith alifurahi siku nzima. Alichoma vile vitambaa vya zamani uani, akasimama upande wa moshi makusudi. Siku ya pili akaanza kuwafikiria majirani zake, mmoja mmoja, na furaha ikamwisha.

Alikuwa na ndugu mmoja, Serlo, mdogo wake kwa miaka kumi na miwili, aliyemlea mwenyewe tangu wazazi wafe. Kijana mpole, mzito wa maneno, mchungaji wa kondoo wa bwana. Mwaka ule wakati wa Kwaresima Serlo aliugua homa, akalala kwa dada yake siku tisa, hajui asubuhi wala jioni, ananyweshwa uji wa shayiri kwa kijiko. Aliporudi zizini, kondoo sita hawapo. Wakatafuta, wakakuta ngozi sita zimefukiwa nyuma ya zizi. Kwaresima, wakati hakuna anayekula nyama mbele ya watu, nani alikula kondoo sita? Hakuna aliyeuliza. Zizi la Serlo, basi Serlo. Akafungwa kamba, akapelekwa gereza la mji wenye ngome kungoja mahakimu baada ya Pasaka.

Neno la dada halikuhesabiwa. Damu ya mtu itasema nini zaidi ya kumtetea? Na kila mtu Kelsby alijua kwamba mpwa wa Ketel alikuwa akiitamani ile kazi ya uchungaji tangu zamani. Na wale kumi na wawili walipochaguliwa, aliyetangulia alikuwa Ketel. Nani mwingine ana mkono uliothibitishwa na Mungu?

Wiki ile Aldith aligundua jambo lililomchukiza kuliko yote. Alikuwa anakitamani chuma. Kitu alichokilaani, kilichomnukisha maisha yake yote, leo angekipigia magoti, maana kwa chuma angejua la kufanya: kitani, asali, siku tatu, Serlo yuko nyumbani. Kwa watu kumi na wawili hakuwa na dawa.

Halafu akakumbuka kwamba anayo.

Alimkuta Ketel bandani akihasi nguruwe wachanga, mikono imelowa, kisu mdomoni. Alipomwona akakitoa.

"Mama Vitambaa! Karibu, kama pua yako itastahimili. Ebo, namwambia nani?"

"Nimekuja kwa ajili ya Serlo."

"Ah. Serlo. Inasikitisha." Akamkamata nguruwe mwingine mguu. "Lakini ngozi ni sita, na zizi ni lake."

"Alikuwa kwangu anaumwa. Ulipita ukamwona kwa macho yako."

"Nilimwona siku moja. Mtu anaweza kuumwa leo akaiba kesho."

"Na mpwa wako ameshashona mkoba wa uchungaji, au bado anatafuta ngozi?"

Ketel akacheka. "Ulimi huo! Haya, nisikilize, dada yangu. Mimi nitaapa, na nikishaapa nitasema ninachokijua. Mkono huu hauwezi uongo." Akaukunjua, damu ya nguruwe ikichuruzika kwenye kovu. "Uliulizwa na Mungu mwenyewe."

"Uliulizwa na mimi," Aldith alisema. "Nilikitia asali kile kitambaa. Na siku ile ile nililifua shati lako, damu hadi viwikoni. Gunnora aliniletea mtoni."

Nguruwe alichoropoka akakimbia huku analia. Ketel hakumfuata.

"Gunnora amekufa," alisema.

"Mimi sijafa."

"Nani atakuamini? Utajitia kitanzi mwenyewe. Kumchezea Mungu kanisani!"

"Wanitie. Lakini kabla ya kamba nitawaomba jambo moja. Nitashika kaa la moto mbele yao, nijipake asali, wanifunge, siku ya tatu wafungue wanuse. Halafu wakitazame kiganja chako vizuri. Na mjane wa Thurkil bado anaishi, asije akasahauliwa kuitwa."

Ketel alijifuta mikono kwenye suruali, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Aldith aliona jasho likimtoka juu ya mdomo, akatema mate kando. Maana alimjua mtu huyu alivyo mwoga na alivyo mwuaji, naye Aldith ndiye aliyempa Kelsby nzima aiongoze.

"Yaliyopita si ndwele, Aldith," alisema mwishowe, kwa sauti ya kubembeleza.

"Tugange yajayo, basi. Mimi na wewe."

"Serlo atarudi nyumbani. Wale kumi na mmoja wanatazama mdomo wangu tu. Na wewe?"

"Nitanyamaza."

"Mpaka kaburini?"

"Mpaka kaburini."

Akamnyooshea ule ule mkono. Aldith akaushika. Ulikuwa wa moto na unateleza.

Mahakimu walikaa kwenye ukumbi wa ngome, wiki ya pili baada ya Pasaka. Mvua ilinyesha, na ukumbi ulijaa watu wa vijiji vyote, sufu zao zimelowa zinanuka kondoo. Hakimu aliyekuwa akisema alikuwa na mafua. Alipangusa kamasi kwa mkono wa joho lake la manyoya, akala yai la kuchemsha, akahukumu, akamenya jingine. Kesi ya kabla yetu iliisha yai likiwa bado halijaisha.

"Kelsby," akasema mwandishi.

Serlo akaletwa. Alikuwa amekonda, na kamba ilikuwa imemla kwenye vifundo vya mikono. Hakimu hakumtazama.

"Unajiweka mikononi mwa majirani zako kwa wema na kwa ubaya?"

Serlo alimtafuta dada yake kwa macho. Aldith akainamisha kichwa: kubali.

"Ndiyo, bwana."

Wale kumi na wawili wakasogeleana wakanong'ona, kwa muda wa mtu kufunga kiatu. Ketel akatoka mbele, akaweka ule mkono juu ya kitabu. "Hana hatia, bwana. Alikuwa mgonjwa. Mimi mwenyewe nilimwona."

Aldith alifumba macho. Wakamfungua Serlo kamba, akaja akasimama kando yake, akamshika bega.

Nao wangeondoka saa ile, mambo yangekwisha. Lakini hakimu alimeza yai, akauliza, "Basi ni nani?"

Ketel akawatazama wenzake.

"Kondoo sita hawakujichuna wenyewe. Mmeapa kusema mnachokijua. Si huyu, haya, ni nani? Na leteni mkaa hapa, jamani, mtu anakufa kwa baridi!"

Mlango ukafunguliwa, akaingia mtu mweusi tii na gunia mgongoni. Alipiga goti penye jiko la moto karibu na kiti cha hakimu, akaanza kupanga makaa na kupuliza, amewapa watu mgongo. Alikuwa Wistan. Alikuja mjini na makaa yake kama siku zote, wakamwita kutoka langoni.

Aldith aliona macho ya wale kumi na wawili yakitembea. Yalipita juu ya huyu, huyu ana kaka watatu. Yakapita juu ya yule, yule ana shemeji kwa bwana. Yakafika kwenye ule mgongo. Yakatulia.

"Yule pale," Ketel alisema. "Wistan mchoma makaa. Anaishi msituni peke yake, hakuna anayejua anakula nini. Mkewe alinyongwa kwa wizi."

"Kikombe si kilipatikana?" mtu mmoja akasema huku nyuma, kwa woga.

"Alinyongwa," Ketel akasema.

Wenzake kumi na mmoja wakaitikia kwa vichwa. Loo! Watu wazima wote wale, wamebatizwa, wameapa!

"Wewe," hakimu akasema. "Acha moto. Unajiweka mikononi mwa majirani zako?"

Wistan aligeuka nyuma kutazama anaambiwa nani. Alipoelewa, akasimama taratibu.

"Majirani gani? Hawa? Hawa si ndio wameshasema?"

"Hawa ndio."

"Hakuna wengine?"

"Hakuna. Sema upesi."

Wistan alitazama makaa aliyoyapuliza mwenyewe, yamekwisha kuwa mekundu. "Basi nipeni chuma," alisema. "Nipeni chuma nibebe. Sijaiba kondoo mimi."

Watu wakaguna. Hakimu akapenga kamasi. "Chuma kimekatazwa. Ule ulikuwa ushenzi wa zamani."

"Mke wangu mlimpa."

"Siku hizi hatumjaribu Mungu."

"Mnijaribu mimi, basi! Mama Vitambaa huyo hapo, muulizeni. Anajua kufunga." Akamgeukia Aldith, na uso ule mweusi haukuwa na chuki hata chembe, hapo ndipo pabaya. "Mama, waambie. Utanifunga, si ndiyo? Siku tatu tu."

Ukumbi mzima ukamgeukia Aldith. Mdomo wake ulikuwa umeshafunguka. Alikuwa na maneno yote, yamepangana kooni: shati, asali, Thurkil, kikombe. Na begani mkono wa Serlo ulikuwa umemkaza, mkono aliouongoza kushika kijiko, na juu ya kifundo alama ya kamba ilikuwa mbichi. Akimwangusha Ketel, neno la Ketel linaanguka naye, na neno hilo ndilo lililomfungua Serlo. Kule mbele Ketel alikuwa akijikuna shavu polepole kwa kiganja chenye kovu, anamtazama.

"Mwanamke," hakimu akasema, "una la kusema?"

"Sina, bwana."

Wakamnyonga Wistan mchana ule ule, mvua ikinyesha. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, husema watu. Kumnyonga walimnyonga. Hilo la pili walilisahau, kisha wakaenda kunywa pombe.

Njiani kurudi Padri Osbert alipanda gari moja la ng'ombe na Aldith, mzee amejifunika gunia, amechangamka. "Unaona, binti yangu? Neno la watu wazima, kiapo, basi. Hakuna moto, hakuna kidonda. Angalau sasa hakuna harufu."

"Pua yako imezeeka, Padri," Aldith akasema.

Aliishi miaka kumi na mmoja zaidi. Alifua vitambaa vya madhabahuni, alinyamaza kama alivyoahidi, na Ketel alizikwa kabla yake, ndani ya kanisa, karibu na mishumaa. Mahali alipozikwa Wistan, Aldith alipaendea kila mwaka, akakaa, akarudi. La kuvunda halina ubani, na yeye hakujaribu kulifukizia. Lakini ninalotaka mlijue ni la jioni ile walipofika nyumbani.

Serlo alikuwa hajala kitu cha maana kwa wiki sita. Aldith aliwasha moto, akamwekea mkate mweusi na kabichi iliyobaki. Yeye mwenyewe alikaa upande wa pili wa meza, mikono mapajani, hawezi hata kutazama chakula. Serlo alikula kabichi yote, akamega mkate, akaangaza huku na huku kutafuta cha kuchovya, kama alivyokuwa akifanya tangu mtoto.

"Dada, kile chungu cha rafuni kina nini?"

Aldith akainuka, akakiteremsha, akakiweka mbele yake. Kilikuwa kimejaa.

Serlo akatumbukiza mkate, akala, akatumbukiza tena, akalamba vidole kimoja kimoja mpaka kwenye alama ya kamba. "Tamu hii!" alisema, akamchekea dada yake kwa furaha. "Miaka yote hii mbona ulikuwa unanificha?"